Filimbi ya Mwisho Haimalizi Mechi: Namna ya Kumrudisha Mchezaji Baada ya Mashindano

Saa saba usiku, baada ya nusu fainali ya ligi ya mtaa tuliyotolewa kwa penalti hapa Kigoma, nilitoka nje nikamkuta kiungo wetu amekaa kwenye ngazi za nyumba tuliyoweka kambi. Ameshika chupa ya maji wala hanywi, na goti la kulia linacheza lenyewe kama mguu wa fundi kwenye cherehani. "Mwalimu, usingizi umegoma kabisa," akaniambia. Nikamjibu aache kuwaza, aingie ndani alale. Saa kumi na mbili asubuhi nikawaamsha wote, nikawakimbiza kutoka Mwanga hadi Bangwe na kurudi, adhabu ya penalti mbili zilizopaa juu ya lango. Kufika Jumamosi nilikuwa na wawili waliovutika misuli ya nyuma ya paja na mmoja mwenye mafua, na mechi ya mshindi wa tatu tukaipoteza pia.

Miaka ilipita ndipo nikaelewa kwamba yule kijana hakuwa mkaidi. Mechi ilikuwa bado inachezwa ndani ya damu yake, na mimi nikamwongezea nyingine alfajiri. Mwongozo huu ni kwa kocha mwenzangu wa mtaani au shuleni, Kigoma, Tabora na kwingineko, asiye na daktari wa timu wala maabara. Mengi yanayofanywa na timu kubwa unaweza kuyafanya kwa ndizi mbivu, saa ya mkononi na daftari.

Kwanza zijue homoni zenyewe

Homoni ni kemikali ambazo tezi humwaga kwenye damu ili kuupa mwili amri. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo. Sehemu yake ya ndani hutoa adrenalini, ile inayofanya moyo upige, mikono itetemeke na ini limwage sukari kwenye damu. Adrenalini ina haraka ya kuja na ya kuondoka, kwani nusu yake huisha damuni ndani ya dakika mbili au tatu. Gamba la tezi hiyohiyo hutoa kortisoli. Hii huja taratibu na kuondoka taratibu, kiasi cha saa moja hadi moja na nusu nusu yake kuisha. Kortisoli si adui. Ndiyo inayohakikisha ubongo na misuli vina sukari ya kutosha mchezo unapokuwa mgumu. Tatizo ni ikikaa juu siku nenda rudi, maana sehemu ya nishati hiyo huipata kwa kuvunja protini ya misuli, na kinga ya mwili hulegea.

Upande wa pili kuna zile za kujenga. Testosteroni hutoka kwenye korodani kwa wanaume, na kwa wanawake hutoka kidogo kwenye ovari na kwenye tezi hizohizo za juu ya figo. Homoni ya ukuaji hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na wingi wake humwagika mtu akiwa kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Insulini, inayotoka kongosho, huingiza sukari ndani ya misuli baada ya kula.

Kazi ya kocha baada ya mechi ni kuusaidia mwili utoke upande wa kuvunja uende upande wa kujenga. Hatua zote zinazofuata ni njia za kufanya hilo.

Hatua ya 1: Mchecheto wa kabla ya mechi usiupigie kelele

Kortisoli huanza kupanda kabla mpira haujawekwa kati. Wengine huanza tangu asubuhi, wakaenda haja mara tatu, wakakataa chakula, wakanyamaza. Kocha asiyejua humwambia mchezaji huyo ni mwoga. Mwambie ukweli: "Mwili wako unajiandaa, mdogo wangu. Huo mtetemo ni mafuta yanaingia kwenye injini." Nimeona mara nyingi jinsi mabega yanavyoshuka kijana akisikia maneno hayo. Kisha mfundishe kupumua: avute hewa kwa pua akihesabu nne, aitoe kwa mdomo akihesabu sita au saba, mara kumi. Kutoa hewa polepole hupunguza mapigo ya moyo.

Chakula cha mwisho kizito kiwe saa tatu kabla. Mechi ya saa kumi jioni, watu wale saa saba mchana. Ugali wa muhogo na mgebuka ni sawa, ila mawese yapungue siku hiyo, mafuta hukaa tumboni. Asiyeweza kula kwa mchecheto anywe uji mwepesi wenye sukari.

Jambo moja la ugenini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima mate ya wachezaji wa soka Uingereza, ukakuta testosteroni yao ikiwa juu zaidi kabla ya mechi za nyumbani kuliko za ugenini, hasa dhidi ya mpinzani mkali. Mwili unalinda kwao. Kwa hiyo ukisafiri kwa treni kutoka Kigoma kwenda kucheza Tabora, kilomita 400 hivi za reli, usifike asubuhi ukaingia uwanjani jioni. Fika siku moja kabla. Wapeleke vijana wauone uwanja, waguse nyasi, wapige mashuti golini, waone jua linazama upande gani. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni mita 770 na kitu. Tofauti hiyo si ya kumtisha mtu, lakini mchezaji akihisi pumzi inakata dakika za mwanzo asidhani amerogwa.

Hatua ya 2: Nusu saa ya kwanza baada ya filimbi

Usiwaache walale chini kama samaki waliotolewa kwenye wavu, wala usiwaweke kikao. Watembee na kukimbia mdogo mdogo dakika kumi. Adrenalini inaisha yenyewe, lakini moyo unahitaji kushuka ngazi kwa ngazi. Wavue jezi zilizolowa, wakae kivulini.

Maji wanywe kidogo kidogo, na chumvi iwepo. Mtu anapotoka jasho mwili hutoa homoni mbili za kuzuia maji na chumvi visipotee, na homoni hizo huendelea kufanya kazi baada ya mechi. Mchezaji akijimiminia lita tatu za maji matupu kwa mkupuo, chumvi ya damu inaweza kushuka mpaka akaumwa kichwa, akatapika na kuchanganyikiwa. Mpime uzito kabla na baada ya mechi mkiwa na mzani, na kila kilo moja iliyopungua irudishwe kwa lita moja na nusu hivi katika saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi.

Wanaopenda kujitosa ziwani waende, kwenye sehemu salama wanayooga wenyeji na kukiwa bado na mwanga. Ila maji ya Tanganyika juu yana joto la nyuzi 25 hivi, si barafu. Yanaburudisha, yanatuliza, na hiyo inatosha.

Hatua ya 3: Chakula ndani ya saa moja

Hapa ndipo timu nyingi za mtaani zinapopoteza mechi ijayo. Watu wanacheza saa kumi, wanamaliza saa kumi na mbili, wanabishana na refa, wanapanda bodaboda, na mchezaji anakula saa tatu usiku. Muda wote huo akiba ya sukari kwenye misuli imepungua, insulini iko chini, na kortisoli inaendelea kutafuta chakula, sehemu yake kwenye nyama yake mwenyewe.

Kipimo ni gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili, kila saa, kwa saa chache za mwanzo, hasa kama kuna mechi nyingine ndani ya siku mbili. Kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 60. Ndizi mbivu mbili na kikombe cha uji wenye sukari vinafika hapo. Tabora watumie matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vitamu, vyepesi kubeba, havivundi kwenye begi. Kijiko cha asali ya huko kwenye uji hakina mpinzani.

Protini iwe gramu 20 hivi. Watu wakisikia protini wanawaza makopo ya unga ya bei kubwa. Kiganja kimoja kilichojaa dagaa wakavu kinatoa kiasi hicho, nasi tunaishi pale wanapoanikwa. Mimi hubeba dagaa waliokaangwa bila mafuta mengi kwenye ndoo yenye mfuniko, na wasichana wa timu yetu wanazigombea kama karanga. Mayai matatu nayo yanatosha.

Pombe usiku huo hapana. Inaharibu usingizi mzito na inapunguza kasi ya misuli kujijenga, ushindi uwe mtamu kiasi gani.

Hatua ya 4: Maneno yako ni sehemu ya matibabu

Hatua hii ndiyo iliyonibadilisha, nami nitakaa hapa kidogo.

Ni kweli kwamba mara nyingi washindi hutoka uwanjani testosteroni ikiwa juu kuliko walioshindwa, lakini si kila mara. Inategemea pia mchezaji mwenyewe ameuonaje mchezo: alijituma, au anajiona ndiye aliyeiangusha timu. Tafsiri hiyo kwa sehemu kubwa inatoka kinywani mwa kocha.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti juu ya wachezaji wa raga wa kulipwa. Walikuwa wachache, lakini kilichofanywa kilikuwa wazi. Baada ya mechi, mara nyingine walionyeshwa video za makosa yao huku kocha akiwakosoa, na mara nyingine walionyeshwa waliyofanya vizuri huku kocha akiwapongeza. Wiki iliyofuata, waliopongezwa ndio waliokuwa na testosteroni ya juu zaidi, na uchezaji wao ulipimwa kuwa bora zaidi. Mazoezi yalikuwa yaleyale, wachezaji walewale.

Kwa hiyo fanya hivi. Jioni ya mechi, hasa mliyofungwa, usichambue kosa lolote. Zunguka kwa kila mchezaji, mshike bega, mtajie kitu kimoja halisi alichofanya vizuri. Isiwe "umecheza vizuri" ya jumla, maana kijana anajua ukimdanganya. Iwe hivi: "Dakika ile ya sabini, ulivyorudi kumfunika beki wako wa kushoto baada ya kukimbia vile, niliona." Au kwa kipa: "Krosi zile mbili ulizitoka mapema." Kama huna cha kumwambia, basi hukumtazama, na hilo ni kosa lako.

Makosa yana siku yake, nayo ni siku ya tatu. Wakati huo mwili umetulia, watu wamelala usiku mbili, na mchezaji anaweza kusikia. Penalti iliyopaa ifanyiwe kazi kwa mipira ishirini, si kwa kukimbizwa. Adhabu ya mbio asubuhi baada ya kufungwa inachukua mwili ambao kortisoli yake haijashuka na misuli yake imechanika vichanachana visivyoonekana, inauongezea mzigo na kuufundisha kuogopa. Siifanyi tena, na naomba na wewe uache. Wazazi na viongozi wa mtaa watakuambia umewadekeza. Waambie waje wahesabu majeruhi mwisho wa msimu.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza

Kortisoli kwa kawaida huwa chini kabisa karibu saa sita usiku na hupanda hadi kilele nusu saa au dakika arobaini na tano baada ya kuamka. Mechi ya jioni, kelele za ushindi na mwanga wa simu husukuma utaratibu huo mbele, na homoni ya ukuaji inayosubiri usingizi mzito inakosa nafasi yake.

Simu zikusanywe saa tatu na nusu. Vijana watanuna, nawe vumilia. Maji ya uvuguvugu ya kuoga, taa zizimwe, chandarua kishushwe vizuri. Mwenye mawazo aje aseme, au aandike kwenye karatasi yale yanayomzunguka kichwani. Yule kiungo wangu wa kwenye ngazi, leo ningekaa naye dakika kumi nikamsikiliza, nikampa uji, tukapumua pamoja, wala nisingemlazimisha kulala.

Vijana wa miaka 14 hadi 17 wanahitaji saa nane hadi kumi. Watu wazima, saba hadi tisa. Wanasayansi waliwahi kuwalaza vijana wa kiume saa tano tu kwa usiku kwa muda wa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao hawakucheza hata mechi moja. Asubuhi ya siku ya pili, basi, hakuna kuamsha mtu. Aliyekosa usingizi alale dakika 20 au 30 mchana, kabla ya saa tisa.

Hatua ya 6: Siku ya pili na ya tatu

Siku ya pili: kutembea, baiskeli polepole au kuogelea, dakika 20 hadi 30, kwa mwendo ambao mtu anaweza kupiga stori bila kukata pumzi. Siku ya tatu: mpira mwepesi, pasi, mipira ya kutenga, na ndipo kikao cha makosa. Homoni nyingi hurudi mahali pake ndani ya siku moja hadi mbili, lakini akiba ya sukari kwenye misuli na maumivu ya nyama vinaweza kuchukua hadi saa 72. Mazoezi makali yasubiri siku ya nne. Mashindano yakibana mechi kila baada ya siku mbili, badilisha wachezaji, huna ujanja mwingine.

Mwezi wa Ramadhani, kwa sisi tunaofundisha Ujiji na Kigoma mjini, mazoezi mazito yawe baada ya futari na tarawehe, au mepesi kabla tu ya magharibi.

Hatua ya 7: Daftari la asubuhi

Hakuna haja ya kupima damu. Kila mchezaji, kabla hajainuka kitandani, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba ahesabu mapigo ya dakika nzima. Aandike namba hiyo, kisha ajipe alama moja hadi tano kwa usingizi, hamu ya kula, maumivu ya misuli na furaha ya kwenda mazoezini. Baada ya wiki mbili utajua kawaida ya kila mtu. Mapigo yakizidi kawaida kwa saba au kumi, asubuhi tatu mfululizo, na furaha imeshuka, huyo mpunguzie mazoezi. Hans Selye alieleza tangu 1936 kwamba mwili chini ya mzigo hushtuka, kisha huhimili, na mzigo usipotuliwa, hushindwa. Daftari linakuonyesha mchezaji anapokaribia hatua hiyo ya tatu.

Lakini kwetu huku, kabla hujasema ni uchovu wa mazoezi, mpeleke akapimwe malaria. Mwili mzito, hamu ya kula kupotea na mapigo kupanda ni dalili zake pia.

Kwa timu ya wasichana, awepo mama au dada anayeaminika wa kutunza safu moja zaidi kwenye daftari: tarehe za hedhi. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, na si mjamzito, mara nyingi ni kwamba anakula kidogo kuliko anavyotumia. Ubongo umezima homoni za uzazi ili kuokoa nishati, na mifupa inaanza kudhoofika kimyakimya. Wavulana nao hupatwa, ila hawana dalili ya wazi kama hiyo. Msichana huyo aongezewe chakula, apunguziwe mbio, aende kituo cha afya. Usimsifu kwa kupungua mwili.

Kuhusu sindano na vidonge

Kuna watu wanaouza pembeni mwa uwanja vidonge vya "kutia mwili" na sindano za "nguvu". Baadhi ni deksamethasoni au prednisoloni, yaani ndugu wa kortisoli waliotengenezwa kiwandani. Mtu hunenepa uso, akajisikia ana nguvu, huku tezi zake za juu ya figo zikilala. Dawa hizo zikimezwa au zikidungwa, ni marufuku wakati wa mashindano chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, na sindano zote za aina hiyo zimefungiwa tangu tarehe 1 Januari 2022. Testosteroni ya sindano nayo ni marufuku wakati wote. Korodani zikiona kazi inafanywa kutoka nje zinaacha kuifanya na husinyaa, na kijana ambaye bado anakua mifupa yake inaweza kuacha kurefuka mapema. Aliyekwisha kutumia deksa kwa wiki nyingi asiiache ghafla peke yake, inaweza kumwangusha. Aende kwa daktari, amwambie ukweli, ashushwe taratibu. Anayeumwa kweli na kuandikiwa dawa hizo amwambie daktari kwamba ni mwanamichezo.

Siku moja kabla ya mechi inayofuata, kaa na daftari kabla ya kupanga kikosi. Juzi beki wangu wa kulia, namba yangu moja wa kila siku, alikuwa na mapigo 71 wakati kawaida yake ni 58, usingizi alama mbili, furaha mbili. Hakuwa na malaria. Nilimuuliza, akasema mama yake amelazwa na yeye ndiye anayelala naye hospitali. Nikamwanzisha benchi, nikamtuma dagaa na uji wodini, na nikampa nafasi yake mdogo wake wa kikosi cha pili, ambaye safu zake zote zilisoma nne na tano.